Kuripoti Ajali Si Kukiri Kosa

Nafanya kazi kwenye dawati la madai ya bima za magari, na swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote halihusu fedha. Ni hili: "Nikienda kuripoti, si nitakuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe?" Anayeuliza ni mtu mzima, ana kazi na familia, hajawahi kulala mahabusu hata usiku mmoja. Gari lake limegusana na la mwenzake, taa imevunjika, bampa linaning'inia, naye ameshika simu tangu asubuhi akitafuta mtu wa kumhakikishia kwamba anaweza kunyamaza na mambo yakapita.

Naamini hofu hii ndiyo inayowatia watu matatani kuliko ajali zenyewe. Mtu akishadhani kwamba kuripoti ni kukiri, yote yanayofuata yana mantiki yake: ataondoka, au atachelewa, au atasema nusu. Wakati huohuo, katika nchi nyingi kugongana kwenyewe kunaweza kuishia kwa faini ndogo au kusiwe na kosa la jinai kabisa, ilhali kuondoka bila kujitambulisha ni jinai moja kwa moja. Ufaransa, dereva anayetoroka baada ya ajali anaweza kufungwa hadi miaka 3 na kutozwa faini ya hadi euro 75,000. Ujerumani pia kifungo kinafika miaka 3. Uingereza ni hadi miezi 6. Ndiyo ile ya kuruka mkojo ukakanyaga kinyesi.

Hata hivyo swali lenyewe si la kijinga. Katiba nyingi zinamlinda mtu asilazimishwe kujitia hatiani, na sheria ya kuripoti ajali ukiitazama juujuu inafanya kinyume chake: inamtaka dereva, huenda mwenye makosa, ajitokeze mwenyewe mbele ya dola na kusema "ni mimi". Jambo hilo limefika mahakamani, tena zile za juu kabisa.

Japani ilikuwa na kesi ya namna hiyo iliyoamuliwa Mei 1962. Sheria ilimtaka dereva aieleze polisi ajali ilivyokuwa, na hoja ya utetezi ilikuwa kwamba huko ni kumlazimisha mtu ajishuhudie. Mahakama ya Juu ilijibu kwa kupunguza kinachodaiwa: dereva anatakiwa kutaja lini na wapi, waliokufa au kujeruhiwa ni wangapi na kwa kiasi gani, nini kimeharibika, na yeye amechukua hatua gani. Sababu ya ajali, yaani ile sehemu inayoweza kumfunga, haimo kwenye orodha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokea kesi kutoka California ya dereva aliyedai kwamba kumlazimisha asimame na kutaja jina lake kunavunja haki yake ya kutojitia hatiani. Majaji waligawanyika, lakini walio wengi waliikataa hoja hiyo. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba kutaja jina na anwani ni tendo lisiloegemea upande wowote, na kwamba sheria yenyewe inawalenga madereva wote kwa ajili ya kulipana hasara, haikutungwa kuwawinda wahalifu.

Wajerumani waliliweka jambo hilo ndani ya maneno ya sheria yenyewe. Kifungu cha 142 cha sheria yao ya jinai kinamtaka mhusika abaki pale ili utambulisho wake, gari lake na namna alivyohusika viweze kuthibitishwa, naye aseme tu kwamba anahusika katika ajali. Basi. Mengine atayatafuta mwenye kazi ya kuyatafuta. California nayo ilienda hatua zaidi: sheria yake ya magari inasema ripoti ya ajali ambayo dereva anatakiwa kuitoa haiwezi kutumika kama ushahidi katika kesi inayotokana na ajali hiyo, iwe ya jinai au ya madai.

Nchi tatu zenye mila tofauti za sheria, na zote zimefika mahali pamoja. Unatakiwa kusema wewe ni nani na nini kimetokea. Hutakiwi kusema kosa ni la nani. Huwa nawasomea wateja sentensi hizo mbili kwenye simu, na unaweza kusikia pumzi ikishuka upande wa pili.

Sasa, kuripoti kwa nani? Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa sababu tunasema "kuripoti" kana kwamba ni jambo moja. Ni wajibu tatu, na kila mmoja una saa yake: kwa mtu uliyemgonga, kwa serikali, na kwa kampuni ya bima. Ukiutimiza mmoja, mingine miwili bado ipo.

Wa kwanza, na huu watu hawautarajii, ni kwa yule mwenzako. Chukua kifungu cha 170 cha sheria ya barabarani ya Uingereza ya 1988, ambacho sura yake utaikuta katika sheria za nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza. Ajali ikimjeruhi mtu mwingine, au ikiharibu gari au mali ya mwingine kando ya barabara, dereva asimame. Akiombwa na mtu mwenye sababu ya msingi, ataje jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na namba ya gari. Asipoyatoa hayo pale, kwa sababu yoyote ile, ndipo anapotakiwa kwenda polisi. Yaani polisi ni njia ya pili. Kama hakuna aliyeumia na mmepeana taarifa zenu zote, sheria hiyo haikutumi kituoni. Akiumia mtu, kinaongezeka kitu kimoja: uonyeshe na cheti cha bima, na usipokionyesha papo hapo, uripoti.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi zimeuridhia, una mpangilio unaofanana na huo. Simama bila kuleta hatari nyingine, jitambulishe ukiombwa, na kama mtu amejeruhiwa au amekufa iarifu polisi na ubaki pale hadi wafike, isipokuwa kama wewe ndiye unayemkimbiza majeruhi au wewe mwenyewe unahitaji tiba. Mkataba uleule unaziruhusu nchi zisilazimishe kuita polisi pale ambapo hakuna aliyeumia sana na hakuna anayewahitaji. Sheria ya Japani haina ruhusa ya namna hiyo. Kule hata mkwaruzo usio na damu unaripotiwa polisi.

Halafu kuna hizo saa 24. Waingereza wameandika kwamba ripoti ipelekwe "mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya saa 24", na kila mtu anaikumbuka nusu ya pili ya sentensi. Mahakama zao zimeshasema kwamba saa 24 ni ukomo, si muda wa kujipumzisha. Kama ulipita mbele ya kituo cha polisi dakika kumi baada ya kugonga, ukaenda kulala, ukarudi kesho yake saa ya 23, unaweza kuwa umevunja sheria japo saa hazijaisha. Na kifungu kinataka uende kituoni au umwambie askari ana kwa ana. Afrika Kusini wanagawanya: kukiwa na majeruhi au kifo ni ndani ya saa 24, na kama ni vyuma tu vimeumia, ni siku ya kwanza ya kazi inayofuata.

Sheria hiyo ya Afrika Kusini, ya mwaka 1996, ina mambo mawili ambayo naona kila sheria ya ajali ingefaa kuyaiga. La kwanza: baada ya ajali dereva haruhusiwi kunywa pombe wala kutumia dawa ya kulevya kabla hajamaliza kuripoti na kupimwa pale anapotakiwa kupimwa, isipokuwa daktari ndiye aliyempa. Aliyeandika kipengele hicho alikuwa anawajua madereva. Ule ujanja wa "nilikuwa mzima kabisa, nimekunywa baadaye kutuliza moyo" umezibwa mapema. La pili linahusu kusogeza magari. Akifa au akijeruhiwa mtu, gari lisiondolewe lilipo bila idhini. Lakini kama limeziba barabara yote, linaweza kusogezwa kiasi cha kupisha wengine baada ya kuweka alama juu ya lami kuonyesha lilipokuwa limesimama. Kipande cha chaki kwenye droo ya gari kinaweza kukuokolea mwaka mzima wa kubishana. Siku hizi simu inapiga picha, sawa, lakini picha nyingi ninazoletewa ni za bampa kwa karibu sana, hata huwezi kujua magari yalikuwa upande gani wa barabara.

Gari lililoegeshwa lisilo na mtu ni mtihani wa peke yake. Umerudi nyuma, umesikia kile kishindo kidogo, umeshuka, hakuna anayeonekana. California inakutaka umtafute mwenyewe, au umwachie karatasi mahali panapoonekana wazi yenye jina lako, anwani na maelezo ya kilichotokea, kisha uiarifu polisi bila kuchelewa. Karatasi peke yake haitoshi. Ujerumani ni wakali zaidi: usubiri kwa muda unaofaa kulingana na hali, na karatasi kwenye kioo haiwi badala ya kusubiri. Asipokuja mtu, ukishaondoka uripoti mara moja. Wanatoa nafasi ndogo ya kujirudi: kama uharibifu si mkubwa, na ajali haikutokea kwenye magari yaliyo mwendoni, dereva akijitokeza kwa hiari ndani ya saa 24 mahakama inaweza kupunguza adhabu au kuiacha kabisa.

Na wanyama, maana nao wana habari yao. Kifungu cha Uingereza kinawataja kwa majina: farasi, ng'ombe, punda, baghala, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo. Ukimgonga paka kule, sheria hiyo haikulazimishi kusimama kwa ajili yake. New York wamemwandika paka kwenye sheria yao pamoja na farasi, mbwa na ng'ombe. Sijui paka wa London wamewakosea nini watunga sheria.

Turudi kwenye hofu, kwa sababu kuna hofu ya aina nyingine ambayo siwezi kuicheka. Si ya hakimu, ni ya watu waliokuzunguka. Gari limemgonga mtoto, kundi limekusanyika, mawe yanaokotwa. Sheria inayosema "simama, baki hapo" inamwambia nini dereva huyo? Sheria ya magari ya India ya mwaka 1988, kifungu cha 134, inakubali waziwazi kwamba hali hiyo ipo. Dereva anatakiwa kuhakikisha majeruhi anapata matibabu, ila pale isipowezekana kwa sababu ya ghadhabu ya umati au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wake. Ghadhabu ya umati imeandikwa ndani ya sheria. Lakini ruhusa hiyo inakuondolea wajibu wa kumhudumia majeruhi papo hapo, haikuondolei wajibu wa kujitokeza: kama hapakuwa na askari, bado unatakiwa kuripoti kituo cha karibu haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 24.

India hiyohiyo ilipitisha sheria mpya ya jinai mwishoni mwa 2023, yenye kipengele kinachosema kwamba anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe kisha akatoroka bila kumwarifu polisi au hakimu anaweza kufungwa hadi miaka 10. Januari 2024 madereva wa malori waligoma, foleni zikajaa kwenye vituo vya mafuta, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyohiyo: tukibaki tutauawa, tukiondoka tutafungwa. Serikali ikakubali kusubiri, na sheria mpya ilipoanza kutumika Julai 1, 2024, kipengele hicho kiliachwa nje. Mimi nawaelewa madereva wale, lakini naona hoja yao haikugusa kiini. Kipengele kilikuwa kinamwadhibu anayeondoka *bila kuarifu*. Anayeondoka akaenda moja kwa moja kituoni, au akapiga simu akiwa njiani, hayumo. Shida ni kwamba hakuna aliyewaelezea hivyo kwa lugha ya dereva, na hakuna aliyewahakikishia kwamba askari atakayepokea simu atalielewa jambo hilo kama lilivyoandikwa.

Vipi kama hukujua kabisa kwamba umegonga? Hilo nalo liliulizwa Uingereza mwaka 1948. Dereva wa lori lenye tela aligusa gari lililosimama, na kwa kelele za chombo chake hakusikia kitu. Akashtakiwa kwa kutoripoti. Mahakama ilimwachia, na sababu aliyoitoa Jaji Mkuu Goddard inaeleweka hata na asiyesoma sheria: kumkataza mtu asifanye jambo ni tofauti na kumtwika wajibu jambo fulani likitokea, na kama hajui kwamba limetokea, wajibu huo atautimizaje? Wateja wangu wengine wameusikia utetezi huu, nao wanapenda kuutumia. Ila usisahau kwamba dereva yule hakuwa na mlango ulioingia ndani nusu shubiri. Ukija kwangu na mlango wa hivyo ukasema hukusikia, itabidi unieleze ulikuwa unasikiliza nini.

Kwa hiyo mtu amekubali, anataka kuripoti. Ataandika nini? Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na hapa naona madhara ya ile imani kwamba ripoti ni kitubio. Maelezo mengi yanakuja hivi: "Jamaa alikuja kwa kasi kama kichaa, ila na mimi nilikuwa na haraka, nadhani kosa ni la wote wawili lakini lake zaidi." Katika sentensi hiyo moja amekadiria kasi asiyoipima, amejitolea ushahidi ambao hakuna aliyemwomba, na amegawa lawama, kazi ambayo si yake. Bado sijui ajali ilitokea wapi. Maelezo yanayosaidia ni ya namna hii: "Saa 1:20 jioni, manyunyu, taa za barabarani zinawaka. Nilikuwa natoka kwenye maegesho kwa rivasi. Gari la rangi ya fedha lilikuwa linapita nyuma yangu kutoka kushoto. Kona ya bampa langu la nyuma iligusa mlango wake wa mbele wa abiria. Tulisimama wote. Nilimuuliza kama ameumia, akasema hapana." Hakuna alichoficha, na hakuna alichokiri. Ukiisoma unaweza kuchora picha, na kweli kwenye fomu kuna nafasi ya kuchora.

Ulaya wana fomu moja ambayo madereva wawili wanaijaza pamoja papo hapo, kila mmoja na upande wake, na katikati kuna orodha ya hali za kuwekea alama: nilikuwa nimeegesha, nilikuwa nabadilisha njia, nilikuwa narudi nyuma. Chini wanachora na kusaini wote. Haiulizi kosa ni la nani. Wanaobishana juu ya lawama kwenye vumbi la ajali wanaweza kukubaliana juu ya mshale wa gari ulielekea wapi, na hicho ndicho makampuni ya bima yanachokihitaji.

Lakini kutokukiri kusichanganywe na kusema nusu. Oktoba 2, 2023 huko San Francisco, gari linalojiendesha la kampuni ya Cruise lilimgonga mwanamke aliyekuwa amesukumwa mbele yake na gari jingine, likasimama, kisha likajiondoa kwenda pembeni huku likimburuta kiasi cha futi 20. Tangu 2021 kampuni za magari ya aina hiyo zinatakiwa kuziripoti ajali zake kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Ripoti ya Cruise ilipelekwa, lakini kuburutwa hakukuandikwa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilikiri kutoa ripoti ya uongo na ikakubali faini ya jinai ya dola 500,000. Gari halikuwa na dereva wa kushikwa na hofu. Walioandika ripoti walikuwa ofisini, wana kiyoyozi na wanasheria, na bado wakaliacha neno lililokuwa muhimu kuliko yote.

Kuhusu "tumalizane hapa hapa", siwezi kuikataza kwa sababu mara nyingi hakuna ubaya ndani yake. Mkiwa na mikwaruzo tu, mmepeana majina, na sheria ya mahali mlipo haidai zaidi, lipaneni. Ila eleweni mnachomaliza: ni hasara kati yenu wawili. Makubaliano yenu hayaifungi serikali. California inataka fomu yake ipelekwe ndani ya siku 10 kama kuna aliyeumia hata kidogo, au mali ya mtu yeyote imeharibika kwa zaidi ya dola 1,000, na haijali mwenye kosa ni nani wala kama polisi walifika. Usipoipeleka, leseni inaweza kusimamishwa. Pia makubaliano yenu hayaifungi kampuni ya bima. Ufaransa sheria inasema mkataba wa bima usimpe mteja chini ya siku 5 za kazi za kutoa taarifa. Ujerumani, kwa bima ya hasara unayomsababishia mwingine, ni ndani ya wiki moja. Mkimalizana kwa mdomo, na baada ya mwezi mwenzako akabadili mawazo akaja na wakili, kampuni itauliza kwa nini inasikia habari hiyo leo.

Na watu hubadili mawazo kwa sababu ya haki kabisa. Shingo iliyotikiswa kwenye ajali mara nyingi haiumi siku hiyo; inaanza kukaza usiku, au kesho yake, hata baada ya hapo. Yule aliyesema "mimi mzima" alisema kweli wakati ule. Akikupigia kesho yake, mambo yamebadilika: ajali ya vyuma imekuwa ajali ya majeruhi, na kama hukuonyesha cheti cha bima pale au hukuripoti kwa sababu hapakuwa na aliyeumia, sababu hiyo haipo tena. Usibishane naye kwenye simu. Andika jina la hospitali aliyokwenda, iarifu polisi, iarifu bima, siku ileile. Siku 10 za California zinahesabiwa tangu magari yalipogongana, si tangu shingo ilipoanza kuuma.